Kitabu Nilichofungia Chumvi

Mimi ndiye mkosaji. Naliandika hilo kwanza, maana najijua: nikianza na maelezo nitajikuta nimejisafisha kabla ya kufika penye kosa lenyewe.

Katika ukurasa huu wa wasomaji nimekuwa nikiwaona mkiulizana mnasoma nini siku hizi, hasa nyinyi mnaopenda hadithi za nyota, za mashine zinazofikiri, za majitu na nchi zisizokuwa kwenye ramani. Mmoja anataja kitabu, mwingine anamjibu kwamba hicho alikimaliza zamani. Nasoma majina yote nikifurahi, halafu roho inanisuta. Kitabu cha aina hiyo kilichopendwa kuliko vyote hapa Keumbu, karibu na Kisii, mwaka uliofuata ule ambao watu walitua mwezini, hakikuwa na jalada. Kilikuja vipande vipande, kikiwa kimefungiwa chumvi. Aliyefungia ni mimi.

Wakati huo nilikuwa msichana wa duka mjini Kisii. Tajiri wangu nitamwita Bwana Abdalla, si jina lake. Aliuza sukari, chumvi, majani ya chai, mafuta ya taa, na vitu vyote vikavu vilifungwa kwa karatasi. Mifuko haikuwapo. Nilichana karatasi, nikaikunja mfano wa pembe ya ng'ombe, nikamimina sukari ndani na kuizibia juu. Siku ya soko nilikunja mpaka vidole vikawa vyeusi kwa wino.

Karatasi tulinunua kwa furushi. Wazungu wa mashamba ya Nyansiongo walipokuwa wanaondoka, waliuza kila walichoshindwa kubeba, na vitabu havikuwa na mnunuzi. Bwana Abdalla alivinunua kwa uzito kama mtu anayenunua kuni. Kazi yangu ilikuwa kuvichana.

Sikuvichana vyote. Vilivyokuwa na picha ya roketi, au mtu mwenye macho matatu, au mji unaoelea hewani, nilivificha chini ya kaunta ndani ya gunia tupu. Hivyo ndivyo nilivyoanza ugonjwa huu mlio nao nyinyi.

Mwenzangu katika ugonjwa huo alikuwa Kerubo. Hilo nalo si jina lake. Tulisoma shule moja, kisha mimi nikaja mjini, yeye akapata kazi ya kufundisha watoto wadogo shule moja karibu na Keumbu, bila cheti. Kwao ni Nyansiongo, kwenye shamba la pareto, na wazazi wake ni Wasabato wa kweli. Baba yake alisema hadithi zisizotoka katika Biblia ni uongo uliovaa shati. Kwa hiyo Kerubo alivisomea vitabu vyangu dukani, siku ya Jumapili mchana, ameketi juu ya gunia la chumvi, nami nikipima.

Tulikuwa na wa tatu wetu, Fundi Juma, aliyeshona kwa cherehani pale barazani. Kiingereza hakukijua. Kerubo alikuwa akimtafsiria, naye Fundi akishona kwa mguu mmoja na kusikiliza kwa masikio yote mawili. Siku redio ilipotangaza kwamba watu wametembea mwezini, wazee waliokuwa dukani walikataa katakata. Mmoja alisema mwezi ni wa Nyasae, Mungu mwenyewe, na hauna mlango. Fundi Juma akacheka, akasema, "Sisi hapa tulishafika zamani na kurudi. Mwalimu Kerubo ndiye dereva."

Siku hiyo nilipata wivu kidogo. Vitabu vilikuwa vyangu, lakini sifa ilikwenda kwake. Nautaja wivu huo kwa sababu ulikuwapo kabla ya yote.

Miezi michache baadaye Kerubo alinijia na madaftari matatu ya shule, ameyafunga kwa kamba ya katani. Aliyaweka juu ya kaunta, akayafunika kwa mkono.

"Usicheke," akasema.

"Nicheke nini?"

"Nimeandika yetu. Ya nyota. Lakini inaanzia hapa kwetu, Manga."

Ilikuwa hadithi ya msichana aliyechota maji chini ya mwamba wa Manga, akakuta chombo cha chuma kimelala kwenye majani ya tembo, yale ya kulishia ng'ombe, kikapaa naye na kijiji kizima mpaka nyota isiyokuwa na usiku. Ameiandika kwa Kiswahili. Hata sasa nikikumbuka napata baridi. Sisi tuliozoea kusafiri angani na akina John na Peter, leo mtu anaondoka duniani akiwa na mtungi wa maji kichwani na mama yake anamwita kwa Ekegusii, lugha yetu, arudi kupalilia!

"Wewe unaishi na Waswahili," Kerubo akaniambia. "Kiswahili chako ni cha mjini. Nisomee, unitolee makosa. Daftari la nne ndilo la mwisho, nalimalizia tukivuna pareto. Nikilileta, utanipelekea yote posta, kwa wachapishaji wa Nairobi. Nyumbani siwezi kuyaweka. Tata akiyaona, na baba yangu unamjua, atayawashia moto."

"Una nakala nyingine?"

"Nakala gani? Karatasi zenyewe nimebana za shule. Ni hayo tu."

Basi nilijua. Hakuna siku nitakayosema sikujua.

Daftari la kwanza nililisoma kwa siku moja, nikicheka peke yangu na kuwachelewesha wateja. La pili pia. La tatu ndilo lililonitia sumu.

Kule kwenye nyota, watu wa kijiji wanafungua duka la kugawia chakula. Muuza duka ni msichana anayeitwa Bosibori. Anapopima huimba puani wimbo usiokuwa na maneno, na anapoimba, kidole chake kidogo hushuka polepole na kulalia sahani ya mizani upande wa sukari. Mteja anaona mizani imesimama sawa, anaondoka na pungufu. Hakuna anayemwona ila msichana mmoja aliyekaa kwenye gunia la chumvi.

Ndugu msomaji, nilihisi nimevuliwa nguo sokoni.

Nilikuwa naimba puani. Na kile kidole kilikuwa changu. Hakuna aliyenifundisha, wala Bwana Abdalla hakujua, kwani angejua angenifukuza siku hiyohiyo. Alikuwa mtu wa kuogopa haki ya mtu. Nilianza siku moja gunia lilipopungua na nikaogopa kuulizwa, kisha kidole kikazoea njia. Kumbe Jumapili zote zile Kerubo aliponyanyua macho kutoka kitabuni, alikuwa ananiona. Akanyamaza. Halafu akaniandika.

Sikusoma zaidi. Nililifunga daftari hapo, katikati, nikamchukia. Nilijiambia: huyu anataka Kenya nzima inijue mimi ni mwizi. Nilijiambia: ndiyo maana alicheka na Fundi. Hasira ina akili nyingi za kijinga.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa siku ya soko na watu walijaa mpaka barazani. Kulikuwa na mama mmoja wa Keumbu, nimwite Mama Moraa, ambaye kila wiki alichukua chumvi kwetu ikiwa imeshafungwa vipakiti vidogo vya kuuza rejareja. Nikiwa katikati ya chumvi yake, karatasi zikaisha. Furushi jipya lilikuwa stoo, nyuma ya magunia, mwendo wa dakika mbili tu. Madaftari ya Kerubo yalikuwa chini ya kaunta, karibu na mkono.

Ningeweza kwenda stoo. Naliandika hili nikiwa na watu wazima wanaonisoma: ningeweza kwenda.

Nilikata kamba ya katani. Nikachana daftari la tatu kwanza, ule ukurasa wa kidole, nikaukunja pembe, nikatia chumvi. Mkono haukusimama. Nikaendelea na la pili. Mpaka Mama Moraa anajitwika mzigo wake, nilikuwa nimeingia kwenye la kwanza. Yaliyobaki nikafungia sukari ya watu wa mjini, nikiimba puani.

Kerubo alikuja baada ya mavuno na daftari la nne kifuani. Alikuwa amekonda, macho yanang'aa.

"Nimemaliza," akasema. "Umesoma?"

"Nimesoma. Ni nzuri. Nimeshayatuma."

Akashangaa. "Bila mwisho?"

"Nimeona yasichelewe. Wakitaka mwisho wataandika."

Nadhani alitaka kuniuliza kuhusu Bosibori, akaona haya. Akalirudisha daftari la nne kwenye kikapu. "Mbuya mono," akasema, yaani asante sana kwa lugha ya kwao na kwetu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mkono huohuo.

Tangu hapo akawa anakuja kila Jumapili kuuliza barua. Wachapishaji wa Nairobi wangejibu kupitia sanduku la posta la duka. Nilikuwa nikimwambia bado. Aliniletea ndizi za kwao, mara nyingine maziwa. Nilikula ndizi zake. Aliniambia wanafunzi wake wanamuuliza kwa nini anaitazama barabara kila basi likipita.

Kama mambo yangeishia hapo, huenda ningezeeka na uongo wangu kimya kimya. Lakini hadithi ile ilikataa kufa.

Alianza Fundi Juma. Asubuhi moja aliingia na kipande cha karatasi chenye madoa ya sukari. "Dada, hii ilifunga sukari yangu. Kuna msichana na chombo chake wamefika kwenye mto unaopanda mlima. Wanavuka vipi? Nitafutie kinachofuata."

Nikamwambia ni takataka tu za furushi.

"Takataka za nani?" akasema. "Huyu mtu anaijua Manga."

Wiki hiyohiyo akaja Mama Moraa. Hakuuliza bei ya chumvi.

"Ile karatasi ya msichana wa Manga iko?"

"Karatasi gani, Mama?"

"Usinifiche, mtoto wangu. Watoto wa Keumbu wamenimalizia chumvi. Wananunua hata hawajatumwa. Mama zao wananiuliza, 'Umetia nini kwa hiyo chumvi yako?' Wanakaa pale kwa mtaro wanaulizana, wewe umesoma wapi, wewe umefika wapi. Mmoja ana mahali wanaruka, mwingine ana mahali wanapika ugali, obokima yetu, kwa nyota na maji yanakataa kuchemka. Wanagombana ni gani ilianza. Na mimi nimecheka hiyo ya obokima mpaka nikasahau soko." Akainama kwenye kaunta. "Sasa hiyo ya msichana mwenye kidole iliisha aje?"

Nilikuwa sijui. Watoto wa Keumbu waliokula chumvi walikuwa wameisoma kunishinda mimi niliyekabidhiwa.

Nikajua sasa ni siku tu. Kerubo alifundisha huko huko.

Alikuja siku ya Jumatatu, saa ambayo mwalimu anatakiwa kuwa darasani. Duka lilikuwa na watu. Akamsalimu Bwana Abdalla kwa heshima, akamsalimu Fundi, akasimama kwenye foleni kama mteja yeyote mpaka zamu yake ikafika.

"Robo ya sukari," akasema.

Nilipima. Sikuimba. Hakuniangalia usoni, aliangalia kidole changu, nami nilikiangalia. Kilikaa mbali na sahani.

Nilipoinua mkono kuchukua karatasi, akatoa kwenye kikapu ukurasa mmoja uliokunjamana, wenye mwandiko wake, wino umevujishwa na chumvi. Akauweka mbele yangu. Akaongeza daftari la nne juu yake.

"Mtoto wa darasa la tatu amenisomea huu leo," akasema polepole, kwa Ekegusii, ili Bwana Abdalla asielewe. "Nimeuliza nani anajua hadithi, akasimama, akatusomea. Wenzake wakampigia makofi. Niliwaambia sijui imetoka wapi."

Akausukuma ule ukurasa na daftari upande wangu.

"Naona karatasi zako ziliisha. Chukua na hizi."

Bwana Abdalla akauliza kutoka kwenye kiti chake, "Kuna shida, binti?"

Hapo angeweza kunimaliza. Angesema neno moja tu juu ya mizani, nami ningelala kwetu siku hiyo bila kazi na bila jina. Yeye akageuka, akajibu kwa Kiswahili safi, "Hakuna shida, Mzee. Ni mambo yetu ya hadithi."

Akamimina sukari kwenye pindo la kitambaa chake, akaifunga kifundo, akaondoka. Fundi Juma alisimamisha cherehani. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena kinachofuata.

Daftari la nne nililipeleka stoo saa ya chakula nikalisoma nimesimama, nimeegemea furushi la karatasi kama lile nililokuwa mvivu wa kulifuata.

Katika daftari hilo chakula kinaisha kwenye nyota. Wazee wanaamua kila mtu apate kipimo kimoja, na kipimo hicho hakitoshi mtoto. Msichana wa Manga amekata tamaa, chombo chake kimeharibika. Anayeokoa kijiji ni Bosibori. Anawaita watu mmoja mmoja, anapima akiimba puani, na kidole chake kinashuka polepole kwenye mizani, lakini sasa kinalalia sahani ya jiwe la kupimia. Kila mtu anaondoka na zaidi ya haki yake bila kujua. Kinachopungua kinatoka kwenye fungu lake mwenyewe. Anakonda, hasemi, wala hakuna anayemwona ila yule wa kwenye gunia la chumvi, ambaye mwishoni anaandika: Nilimjua siku zote kwamba ana mkono mwepesi. Nilingoja tu nione utaelekea wapi.

Kerubo aliniona mwizi na akaniandikia nafasi ya kurudi. Aliiweka daftari moja tu mbele ya pale nilipoacha kusoma. Niliketi chini nikalia mpaka Bwana Abdalla akamtuma mtu aniite.

Nilianza kutafuta kurasa. Nilimwambia Mama Moraa nitatoa chumvi yangu mwenyewe kwa kila karatasi itakayorudi. Zikarudi chache. Nyingine ilikuwa imewashiwa jiko, nyingine imebandikwa ukutani kuzuia upepo, nyingine mtoto alikataa kuiachia, akasema ni yake, aliinunua. Nilimwacha nayo. Kurasa nilizopata hazifuatani. Nyingi chumvi imekula maneno.

Nilikwenda Nyansiongo mara tatu. Mara mbili niliambiwa yuko shambani. Mara ya tatu alitoka na kikapu cha pareto, akanikaribisha vizuri, akanipa chai na viazi. Baba yake alikuwapo, kwa hiyo tulizungumza habari za mvua. Aliponisindikiza mpaka barabarani nilipiga magoti kwenye vumbi. Alinishika kiwiko akaninyanyua kabla watu hawajaona.

"Sina hasira," akasema.

"Andika tena. Nitanunua madaftari. Nitakaa na wewe, ukumbuke."

"Nimejaribu. Nikifika pale kwa mto nasikia harufu ya chumvi."

Sasa ameolewa upande wa Nyamira. Ana watoto. Nasikia jioni huwasimulia vitu vya ajabu, lakini kalamu hashiki. Mimi nilikiri kwa Bwana Abdalla habari ya mizani. Akasema ningebaki hadi mwisho wa mwezi tu. Sikumlaumu. Leo nina kibanda changu hapa Keumbu. Nikipima, kidole kinakwenda upande wa jiwe. Wateja wanasema macho yangu yameanza kuharibika, nami nawaacha waseme, kwa kuwa hasara ni yangu.

Msidhani hilo limelipa kitu. Sukari ya ziada haijawahi kurudisha hata mstari mmoja.

Nyinyi mnaoulizana mnasoma nini, sikilizeni la mkosaji. Mwenzako akikupa maandishi yake, amekupa mtoto umshike. Usimweke chini hata kwa dakika mbili. Na ukijikuta ndani ya hadithi ya mtu, ukachukia unavyofanana, basi chukia, lakini soma mpaka mwisho. Mimi nilikasirika daftari moja tu kabla ya kusamehewa.

Wale watoto wa mtaroni sasa ni watu wazima, na huenda mmoja wenu ni msomaji wa ukurasa huu. Kama bado una karatasi ya daftari yenye mwandiko wa wino wa buluu, na msichana wa Manga yumo, ukiwa umeihifadhi kwenye Biblia au chini ya godoro, usiitupe. Ulizia Nyamira mwalimu wa zamani anayewasimulia watoto habari za nyota, umpelekee, umwambie umefika wapi na unataka kujua nini kinafuata.

Usiniletee mimi. Mimi ninao mwisho, lile daftari la nne, na kila Jumapili nausoma kwa sauti kibandani, wala hakuna mtu kwenye gunia la chumvi.